Mti Bondeni, Bei Barabarani

Kuna barabara moja Kagera ambayo haiko kwenye vitabu vya TANROADS wala kwenye mipango ya TARURA. Haina jina, haijapimwa, na hakuna waziri atakayekuja kukata utepe wake. Ni ile njia ya miguu inayoanzia bondeni kwenye kisiki cha mkaratusi ulioangushwa leo asubuhi, ikapanda kilima, ikakatisha rweya, ikapita pembeni mwa kibanja cha jirani, hadi mahali ambapo Fuso linaweza kusimama na kugeuza. Inaweza kuwa nusu kilometa. Inaweza kuwa mbili. Leo nataka kugombana na watu juu ya njia hiyo.

Nitagombana na serikali, nitagombana na sisi waandishi wa habari, halafu nitagombana na sisi wote tuliosoma. Msiponielewa mwanzoni vumilieni, hoja yenyewe ni fupi: utajiri wa mkulima wa miti Bukoba na Muleba unaibiwa kwenye hizo kilometa mbili, chombo cha kuuokoa kinachomelewa kwenye gereji za vichochoroni, na sisi tunakicheka.

Kwa msioijua Kagera, nieleze kidogo. Mhaya ana kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lililoizunguka nyumba. Nje ya kibanja kuna rweya, uwanda wa nyasi ambao zamani ulikuwa wa malisho, wa kukata nyasi za kuezekea na za kutandika ndani. Ukitoka Bukoba leo ukafuata lami ya kusini, ukapita Kemondo, ukafika Muhutwe na kuchagua kama unapandisha Kamachumu au unanyoosha hadi Muleba mjini, utaona sehemu kubwa ya rweya imegeuka misitu ya kupandwa. Misonobari na mikaratusi, mistari kwa mistari. Watu hawakupanda kwa sababu ya semina ya mazingira. Bei ya kahawa imewachosha miaka nenda rudi, na katikati ya miaka ya 2000 mnyauko wa bakteria ukaingia mkoani na kuanza kuua migomba. Mtu akijiuliza ada ya mtoto itatoka wapi, anapanda miti. Mti ndiyo benki yake. Haudai makato kila mwezi na hauna foleni dirishani.

Lakini benki hii ina tatizo moja. Kutoa pesa ndiyo kazi.

Mti uliosimama bondeni una bei moja, na gogo lililolala kando ya barabara lina bei nyingine kabisa. Mfanyabiashara wa mbao analijua hilo kuliko profesa yeyote wa uchumi. Anafika, anashuka kwenye gari, anaukagua mti, anaupigapiga kwa kiganja, halafu anamwambia mwenye mti, "Mzee wangu, mti wako ni mzuri sana, ila uko mbali." Hilo neno "mbali" ndilo neno ghali kuliko yote katika biashara ya mbao Muleba. Hakuna anayejua "mbali" ni shilingi ngapi. Halina risiti, halina kipimo, halina mkaguzi. Mzee kausubiri mti wake miaka kumi au zaidi, kaulinda na moto wa kiangazi, kagombana na mbuzi wa jirani, na siku ya mavuno nusu ya jasho lake inaondoka kwa neno moja la herufi tano. Atabisha nini? Hana namna ya kulifikisha gogo barabarani. Angekuwa nayo, angeweza kumwambia huyo bwana, "Basi subiri, nitauza kwa mwingine."

Tupige hesabu ya darasa la saba. Gogo la mkaratusi lenye upana wa sentimeta 30 na urefu wa meta tatu lina ujazo unaokaribia robo meta ya ujazo, au tuseme kwa uhakika zaidi, lita 210. Mkaratusi mbichi uzito wake unakaribia wa maji. Kwa hiyo hilo gogo moja, ambalo wala si kubwa, lina kilo 200 hivi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 128, likasema mzigo unaobebwa na mwanaume mtu mzima mmoja usizidi kilo 55. Nani kawahi kulisoma pendekezo hilo kule bondeni? Vijana wanne wanaliweka begani, wanapandisha kilima kwa kuitikiana. Mmoja akiteleza kwenye utelezi wa mvua, gogo linamwangukia yeye au mwenzake. Wengine wanalifunga kamba na kuliburuta, likichimba mfereji ambao mvua ikija inaugeuza korongo. Kuni na nguzo nyembamba zinakwenda kichwani, juu ya ngata, na vichwa vyenyewe mara nyingi ni vya akina mama na watoto.

Na kuna hasara nyingine ambayo haionekani. Kwa sababu gogo halibebeki, watu wanalipasua palepale lilipoanguka. Zamani, na sehemu nyingine hadi leo, ni msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya kichanja na mwingine chini akila vumbi. Siku hizi wengi wanatumia msumeno wa injini. Mnyororo wa msumeno huo unakula karibu milimeta nane hadi kumi za mti kwa kila mkato. Mashine ya msumeno wa mkanda iliyoko mjini inakula mbili au tatu tu. Kila mbao inapotoka, mbao nyingine nyembamba inabaki chini ikiwa vumbi. Wataalamu wanakuja kutoa elimu kwa wananchi waache upasuaji wa kizamani. Elimu gani? Wananchi wanajua mashine iko wapi. Gogo ndilo halina miguu ya kuifuata.

Sasa tuje kwenye magurudumu.

Muleba kuna fundi wa kuchomelea ambaye nimemtembelea mara kadhaa. Sitamtaja jina, ana matatizo ya kutosha. Huyu bwana alichukua magurudumu manne ya kirikuu iliyokufa, akanunua beringi mpya, akakata bomba nene na engo kutoka kwenye skrepa, akatengeneza tela la kubebea magogo. Ukiliona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni mifupa ya kitu kisichokwisha kutengenezwa. Halina bodi. Lina mti mmoja mrefu wa chuma katikati, vilaza viwili vya kulalia magogo, na nguzo nne za kuzuia yasibingirike. Linavutwa na pikipiki ya magurudumu matatu njia ikiwa nzuri, na vijana wawili watatu njia ikiwa mbaya.

Kilichonivutia ni jinsi alivyofunga magurudumu. Hakuyafunga kwenye ekseli mbili zilizonyooka kama za gari. Kila upande una magurudumu mawili, moja mbele na jingine nyuma, yamefungwa kwenye kipande cha chuma kinachobembea katikati, mfano wa ile bembea ya ubao ambayo watoto wawili wanakaa huku na huku. Gurudumu la mbele likipanda jiwe la sentimeta 20, lile la nyuma linabaki chini, na mzigo unanyanyuka sentimeta 10 tu. Tela halirukiruki, halipinduki ovyo, na magurudumu yote manne yanagusa ardhi muda wote. Halina springi hata moja. Nilimuuliza alikojifunza. Akaniambia kwamba alikuwa anatazama jinsi mzigo unavyomwangusha mtu wa baiskeli kwenye mawe, akakaa akafikiri.

Wasomaji wangu mlioko Ulaya na Marekani mtakuwa mmeshakitambua kitu hiki. Huko Sweden, Finland na Kanada, mtu mwenye msitu mdogo nyuma ya nyumba yake anajitengenezea tela la namna hiyohiyo kwa kutumia magurudumu ya zile pikipiki za miguu minne, zile ambazo hapa kwetu tunaziona zikibeba watalii Zanzibar. Wanayapenda magurudumu yale kwa sababu ni mapana na yanajazwa upepo kidogo sana, paundi tano au sita, wakati tairi la gari dogo linajazwa karibu 30. Tairi pana lenye upepo kidogo halizami kwenye tope, linajitandaza. Bembea ya magurudumu wanaifunga vilevile kama alivyoifunga fundi wetu. Tofauti ni moja tu. Mswidi akimaliza kulitengeneza, jirani anakuja na chupa ya kahawa kumpongeza. Fundi wetu akimaliza, anaulizwa kibali.

Na faida yake si hadithi. Kuburuta gogo la kilo 200 ardhini kunahitaji nguvu ya kuvuta inayokaribia nusu ya uzito wake, yaani kama kuinua kilo 100. Likiwa juu ya magurudumu yenye upepo na beringi nzima, hata kwenye udongo laini, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 20 hivi. Kwenye mwinuko nguvu hiyo inaongezeka. Kwa maneno mengine, kazi ya kuwatoa jasho vijana wanne inakuwa kazi ya kijana mmoja au wawili. Na udongo wa rweya, ambao ni mwembamba na maskini tangu hapo, unabaki mahali pake.

Niliandika habari ya tela lile. Nilidhani nimepata habari. Mhariri mmoja akaisoma hadi mwisho, akaniuliza swali moja: "Mgeni rasmi alikuwa nani?" Nikamwambia hakukuwa na mgeni rasmi, kulikuwa na gogo. Habari ikalala. Wiki hiyohiyo tukachapa picha ya viongozi waliosimama mbele ya trekta jipya ambalo halijawahi kugusa udongo, wakicheka na kupiga makofi. Sisi waandishi tumekuwa wapiga debe wa sherehe. Chuma kikitoka nje ya nchi kimefungwa utepe, ni maendeleo. Chuma kikichomelewa Muleba na mtu aliyevaa kandambili, ni "mambo ya kienyeji".

Na hilo neno "kienyeji" ndilo linalonikera kuliko yote. Kuku wa kienyeji tunamlipia bei kubwa kuliko wa kisasa, tunamsifu kwa utamu. Mwenyeji akitengeneza chombo, ghafla "kienyeji" linakuwa tusi.

Tena tusi hilo tunalitupa Kagera! Mwaka 1978 wanasayansi wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwenye jarida la Science kwamba watu walioishi upande wa magharibi wa Ziwa Victoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa tanuru ambazo hewa yake ilipashwa moto kabla ya kuingia ndani. Ushahidi ulichimbwa Kemondo, palepale ambapo leo Fuso za mbao zinapita. Katuruka, Bukoba vijijini, kuna mabaki ya kazi hiyo mpaka leo. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tena tanuru, wakafua chuma mbele ya watafiti, bila kitabu. Wataalamu bado wanabishana juu ya hiyo hewa ya moto ilivyofanya kazi. Hakuna anayebishana kwamba wahunzi walikuwepo. Sasa niambieni, mjukuu wa wahunzi hao akichomelea engo na bomba, ni nani aliyetupa ruhusa ya kushangaa?

Serikali itanijibu kwamba imefanya mengi. Ni kweli, na mimi nitayataja bila kuonea mtu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. TEMDO na CAMARTEC zikafuata Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1980, moja kwa ajili ya kubuni mitambo, nyingine kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Kibaha tuliunganisha matrekta ya Valmet ya Finland, na palepale Kibaha jeshi letu likatengeneza lori la Nyumbu. Tena mwaka 1975 Tanzania Publishing House ilichapa hapa Dar es Salaam kitabu cha G. A. Macpherson kiitwacho First Steps in Village Mechanisation, cha kumsaidia mwanakijiji ajitengenezee zana na mikokoteni kwa vifaa alivyonavyo. Nusu karne iliyopita! Kwa hiyo wazo hili si geni. Tulikuwa nalo mkononi tukaliweka chini.

Tukaokota nini badala yake? Mwaka 2009 ikaja Kilimo Kwanza, na halmashauri zikahimizwa kununua pawatila. Pawatila ni mashine nzuri kwenye mashamba ya mpunga. Lakini nani alikaa akafikiri kwamba kibanja cha Mhaya hakilimwi kwa plau? Migomba na mibuni ni mimea ya miaka mingi, ukipitisha plau katikati yake unakata mizizi. Kitu cha maana ambacho pawatila ingeweza kumfanyia mkulima wa Kamachumu si kulima, ni kuvuta tela. Yaani tuliagiza ng'ombe kutoka ng'ambo kwa ajili ya mkia! Baadaye ikaja awamu ya matrekta ya URSUS kutoka Poland, nayo yakaunganishwa Kibaha, na kampuni mama kule Poland ikaja kufilisika. Kila awamu ina trekta lake, utepe wake na picha yake ya ukurasa wa mbele. Zile kilometa mbili za bondeni zimebaki vilevile.

Majirani zetu wa Goma hawakusubiri awamu. Miaka mingi sasa wanatengeneza chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, mtu anapiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu mwingine. Inabeba mamia ya kilo: mkaa, viazi, mbao, maji. Mji ule umepigwa na volkano mwaka 2002 na 2021, umepita vita juu ya vita, na Januari 2025 ukaangukia mikononi mwa M23. Chukudu zimeendelea kupita katikati ya yote hayo. Na watu wa Goma waliijengea chukudu sanamu, katikati ya mzunguko wa barabara, yenye rangi ya dhahabu. Sisemi tuige vita vyao wala umaskini wao. Nasema waliutazama ubunifu wao bila aibu.

Najua mtakaponirukia. Nijibu hoja mbili ambazo ni za haki.

Ya kwanza ni usalama. Tela la kuchomelea likikatika kiungo kwenye mteremko wa lami, linaua. Hilo halina ubishi, na mimi sitaki tela la namna hii lipande barabara ya Bukoba kwenda Biharamulo kushindana na mabasi. Mzigo ukiteremka husukuma kinachouvuta, na tela lisilo na breki linageuka gogo lenye haraka. Ndiyo maana nasema likaguliwe! Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inadai tela linalotumika barabarani lisajiliwe, na ni sawa. Ila fundi wa Muleba akitaka kufuata utaratibu, anakutana na utaratibu uliofikiriwa kwa ajili ya matela ya malori ya kwenda Rwanda na Congo. Matokeo yake ni kwamba hafuati, analitoa alfajiri, analificha jioni. Nimeona tela moja la aina hiyo limekaa miezi kwenye uwanja wa kituo kimoja, nyasi zimeota katikati ya magurudumu. Hakuna aliyelikagua kuona kama breki zake zinashika. Lilikamatwa kwa sababu halifanani na picha iliyoko kichwani mwa aliyelikamata. Je, usalama wa nani umelindwa hapo? Wale vijana wanne wamerudi kubeba begani, na bega halina breki wala halikaguliwi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtasema tela likienea, wezi wa magogo watafurahi. Watalipeleka kwenye msitu wa asili wa Minziro kule Missenyi, watalipeleka kwenye shamba la serikali la Rubare, wataingia usiku na kutoka na mali. Nakubali kwamba gurudumu halichagui bwana. Lakini Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na kanuni zake zimeshaweka hati ya kusafirishia, na zimeshaweka vizuizi barabarani. Mwizi mkubwa wa magogo hategemei tela la kirikuu. Ana lori, ana simu, na mara nyingine ana hati iliyopatikana kwa njia anazozijua yeye. Anayekosa chombo ni mwenye mti wake mwenyewe alioupanda kwenye rweya yake. Tukimnyima gurudumu mwenye mali kwa kuogopa mwizi, tumfunge na miguu basi, maana mwizi naye hutembea.

Tela likiandikwa namba na kijiji, tena, ni rahisi kulifuatilia kuliko mabega ya watu arobaini. Mlinzi wa msitu atalijua ni la nani.

Kwa hiyo ninataka nini? Si fedha nyingi, wala sitaki mradi wenye kifupi cha herufi sita na magari manne meupe. Nataka vitu vitatu.

Kwanza, michoro. Mashirika yetu ya uhandisi yachore tela moja la magogo kwa vipimo vya vitu vilivyopo Muleba: magurudumu ya kirikuu na ya bajaji, bomba na engo zinazouzwa madukani, beringi zinazopatikana Bukoba mjini. Waeleze kwa Kiswahili mahali pa kuweka ekseli ili uzito kidogo uelemee mbele, maana uzito ukielemea nyuma tela linamnyanyua anayelivuta. Waonyeshe unene wa mshono wa kuchomelea na mahali ambapo chuma huchoka kwanza. Mchoro huo utundikwe bure kwa kila fundi. Leo vijana wa uhandisi wanamaliza chuo kila mwaka kwa miradi ya mwisho ambayo inafungwa jalada la bluu na kuwekwa kabatini. Wangapi kati yao wamewahi kupewa kilima cha Kamachumu kama swali la mtihani?

Pili, ukaguzi wa karibu. Mkoa una SIDO yake, na una chuo kikubwa cha VETA kule Burugo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 2022. Wapewe kazi ya kukagua matela ya shambani: breki, kiungo cha kuvutia, viakisi mwanga, namba ya kijiji. Likifaulu lipewe kibandiko na mipaka yake, yaani njia za kijiji na barabara za vumbi, mchana tu, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Likishindwa, fundi aambiwe kwa nini, akarekebishe. Kumwambia fundi kosa lake ni elimu. Kumnyang'anya chombo bila kumwambia kosa ni uonevu, hata kama umevaa sare.

Tatu, sisi wa magazeti tubadilike. Tuandike bei ya gogo bondeni na bei ya gogo barabarani, wiki kwa wiki, kama tunavyoandika bei ya dola. Siku hiyo neno "mbali" litakuwa na tarakimu, na mzee atakuwa na cha kubishania.

Nilisema nitamalizia kwa kugombana na wasomi. Watu wa mikoa mingine wanatuita wanshomile, kwa kutania kwamba Mhaya akishasoma lazima akwambie kasoma. Mimi utani huo siuchukii, hata mimi ninao wajomba wa namna hiyo. Lakini hebu tujiulize kimyakimya. Tumetoa maaskofu, maprofesa, mabalozi na mawakili. Kwenye kila msiba kijijini kuna suti zinazotoka Dar es Salaam na hotuba yenye Kilatini. Jeneza lenyewe limechongwa kwa mbao ya rweya, iliyotoka bondeni kwenye bega la kijana aliyeishia darasa la saba. Septemba 10, 2016 tetemeko lilipoangusha nyumba zetu, sote tulipiga simu nyumbani kuuliza habari, tukachanga, tukalaani. Kenchi na fremu za milango mipya zilitoka wapi? Zilitoka kulekule bondeni, kwa njia ileile, kwa bega lilelile.

Usomi ambao hauwezi kupunguza kilo moja kwenye bega la huyo kijana ni mapambo. Na fundi aliyepunguza kilo nyingi kwa magurudumu manne ya kirikuu iliyokufa, bila cheti na bila ruzuku, ndiye mhandisi wa mkoa mpaka atakapotokea mwingine wa kumpita. Anayetaka kumpita, bonde liko wazi, magogo yapo, skrepa ipo.

Anayebisha na abishe. Ila aje na hesabu za gogo.